Kasi Inatangazwa, Njia ya Kutokea Je?

Habari ya ndege ya majaribio X-59 wasikilizaji wanayo tangu Oktoba 2025: ilipaa Palmdale, California, rubani Nils Larson akiwa peke yake ndani, ikatua kambi ya anga ya Edwards. Sifa zimemiminikia pua ndefu ya ndege hiyo. Kituo hiki cha redio hakina ugomvi na pua. Kinauliza lile lile la siku zote: mambo yakiharibika, rubani anatokea wapi?

Edwards kwenyewe ni jina la marehemu. Kapteni Glen Edwards alikufa Juni 1948 pamoja na wenzake wanne, ndege ya mabomu YB-49 ilipowavunjikia angani.

Oktoba 1947 rubani Chuck Yeager aliivuka kasi ya sauti akiwa na mbavu mbili zilizovunjika, kisa kuanguka na farasi. Mkono wa kulia haukuweza kuufunga mlango wa ndege yake, X-1, basi mhandisi Jack Ridley akamkatia kipande cha mpini wa ufagio cha kusukumia komeo. Kisa hicho huchekesha mpaka leo. Kisichosimuliwa ni kwamba mlango ule ulikuwa mbele ya bawa, na kiti cha kumrusha rubani nje hakikuwemo. Kuruka ilikuwa kujipeleka kwenye bawa. Kasi ilitangazwa, njia ya kutokea, kimya.

Septemba 1956, rubani Mel Apt alikuwa binadamu wa kwanza kupita mara tatu ya kasi ya sauti, katika ndege ya X-2. Alipogeuza kurudi, ndege ikabiringika. Aliitenga sehemu ya mbele kama ilivyobuniwa, lakini ilimbidi bado atoke humo mwenyewe kwa parachuti yake. Hakuwahi. Kasi ikatangazwa.

Halafu ndege ya kivita F-104! Wahandisi walichelea rubani kugonga mkia mrefu, wakaweka kiti kinachomfyatua kuelekea chini. Injini ilipomzimikia rubani Iven Kincheloe baada tu ya kupaa, Julai 1958, chini palikuwa ardhi. Alijirusha, lakini alikuwa karibu mno na ardhi, akafa.

X-59 ina kiti, cha aina ya ndege ya mafunzo T-38. Vizuri. Mbona hakitajwi? Waandishi wa habari, acheni kushangilia, ulizeni! Safari ile haikuvuka kasi ya sauti. Ulizeni kiti hicho kinaokoa kuanzia kimo gani. Ulizeni kimejaribiwa kwa mwendo gani, nani alitia saini, na majibu yasomwe hewani kabla rubani yeyote hajaipanda tena.