Mizizi Isiyoonekana

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo naongeza kwamba hata mali yenye daftari hupotea, ikiwa mwenyewe hajui kulisoma.

Twende Runzewe, wilayani Bukombe. Wilaya hiyo ilikuwa Mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012, ulipoanzishwa Mkoa wa Geita. Katika ukanda huu wa dhahabu, wachimbaji wadogo hutoa mawe duarani, huyajaza kwenye viroba, kisha huyapeleka kwenye karasha yakasagwe. Tumchukue mwenye karasha mmoja. Ni mfano tu, lakini hesabu zake zinaweza kumkuta yeyote.

Daftari lake linamwambia mambo matatu. Akisaga viroba 20 kwa siku, hapati faida wala hasara. Akisaga 80, hali ni ileile, maana mashine huchoka, vipuri hukatika na vibarua wa usiku hudai malipo zaidi. Akisaga 50, anapata faida ya shilingi 90,000. Je, siku ya viroba 30 atapata ngapi?

Hapo ndipo inapoingia hesabu wanayoilalamikia wanafunzi wetu wa sekondari: kutafuta polinomia kutokana na mizizi yake. Mzizi ni ile namba inayofanya jibu liwe sifuri. Kwa mwenzetu huyu mizizi ni 20 na 80. Tukiita idadi ya viroba x, faida yake ni namba fulani mara (x − 20) mara (x − 80). Namba hiyo mizizi haiisemi, na ndiyo maana tunahitaji taarifa ya tatu. Weka 50 mahali pa x: 30 mara −30 ni −900. Ili tupate 90,000, namba tunayoitafuta lazima iwe −100. Sasa weka 30, utapata faida ya shilingi 50,000.

Fungua mabano: faida ni −100x² + 10,000x − 160,000. Hizo 160,000 ni hasara ya siku asiposaga hata kiroba kimoja. Hakuiandika daftarini, ila hesabu imeifichua.

Tuseme sasa kodi ya eneo na mishahara ya walinzi vimepanda kwa shilingi 100,000 kwa siku, kazi iwepo isiwepo. Ile 160,000 inakuwa 260,000. Tafuta mizizi mipya kati ya namba za kawaida, hutaiona. Mizizi ipo, lakini ni namba changamano: 50 + 10i na 50 − 10i, ambapo i ni namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa −1. Maadamu namba zilizomo katika polinomia ni za kawaida, mizizi ya aina hii huja kama mapacha. Ukipewa mmoja, wa pili unao tayari.

Girolamo Cardano wa Italia, aliyeziandika namba za namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1545, aliona hazina matumizi. Nasi tuzijaribu. Zidisha mabano ya mapacha hao, utapata (x − 50)² + 100. Rudisha ile −100 mbele yake. Namba ya kawaida ikizidishwa kwa yenyewe haiwi chini ya sifuri, kwa hiyo hasara haiwezi kupungua chini ya 100 mara 100, yaani shilingi 10,000. Hiyo ndiyo hasara ya siku ya viroba 50, siku yake iliyo bora kuliko zote!

Ndugu msikilizaji, mtu huyu tukimwambia aongeze bidii, tunamwongezea hasara. Akisaga viroba 60 atapoteza 20,000. Dawa yake ni kupunguza gharama au kupandisha bei ya kusagia, na anapaswa kulijua hilo kabla hajakopa fedha kwa kuweka nyumba rehani.

Walimu wetu, mwanafunzi akiuliza mizizi isiyoonekana ina kazi gani, msimwambie akariri tu kwa ajili ya mtihani. Mpelekeni kwenye karasha akiwa na daftari na kalamu.

Kwa leo naishia hapa. Kwaherini.