Majani ya Mwaka Mmoja na Malisho Yetu

Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali katika fani ya kilimo, mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Pemba



Kamati imenitaka nieleze kazi yangu kwa dakika kumi na tano. Kazi yangu ni majani. Wapo humu walionicheka waliposikia kuwa mtu amepelekwa Morogoro hadi Chuo Kikuu kusomea majani, na mmoja wao ameketi safu ya mbele. Leo anafuga ng'ombe watatu wa maziwa, na kila wiki ananipigia simu.

Majani ya malisho yako namna mbili. Yako yanayodumu, ambayo mzizi wake hushuka chini na kungoja. Jua likiwaka sehemu ya juu hukauka, lakini Masika yakianza shina lile lile huchipua tena. Na yako ya mwaka mmoja, ambayo maisha yake yote yamo ndani ya mbegu. Haya huota mvua ya kwanza, hukua mbio, huzaa, na kufa. Mfugaji akiyaona hufurahi, maana ardhi imekuwa kijani. Baada ya wiki chache hana kitu ila makapi.

Jambo hili limewafika Wamarekani. Katika nyanda kavu za Nevada, Utah na Idaho yaliingia majani ya mwaka mmoja kutoka pande za Ulaya na Asia, mwishoni mwa karne ya 19, na inaaminika kwamba mbegu zake zilichanganyika na ngano. Jina lake la kitaalamu ni Bromus tectorum. Hukauka mapema, kabla ya kiangazi kukolea, na yakikauka huwaka kama karatasi. Moto huua vichaka vya asili vinavyochukua miaka mingi kukua. Majani yale mbegu zake hubaki udongoni, na mwaka unaofuata yanakuwa mengi zaidi, na moto nao unakuja upesi zaidi. Mahali palipokuwa pakiungua mara moja katika makumi ya miaka, sasa huweza kuungua kila baada ya miaka michache.

Na tusidhani kwamba sisi hupokea tu. Majani ya Afrika yaliyopelekwa ng'ambo kwa ajili ya malisho yamekuwa msiba huko. Moto ulioteketeza mji wa Lahaina, Hawaii, Agosti 2023, ukaua watu zaidi ya 100, ulipata kuni zake katika mashamba yaliyoachwa na kumezwa na majani ya kigeni, na miongoni mwake yamo yenye asili ya Afrika.

Sasa nije nyumbani. Mmea unaoninyima usingizi si wa ukoo wa majani hasa, ila tabia yake ni ile ile ya mwaka mmoja. Bara wanauita gugu karoti, kwa sababu jani lake limechanikachanika kama la karoti. Maua yake ni meupe, madogo, mengi. Kwao ni nchi zinazozunguka Ghuba ya Mexico. Nchini Tanzania liligunduliwa Arusha mwaka 2010. Nililiona huko kwa macho yangu, limesimama kando ya barabara kama lililopandwa na Halmashauri, na nyuma yake malisho yamekwisha. Huchanua mwezi mmoja hivi baada ya kuota, na mche mmoja mkubwa huweza kutoa mbegu zinazofikia 25,000. Ng'ombe hulikwepa, akishikwa na njaa akalila, maziwa yake huwa machungu. Mtu anayelishika mara kwa mara huweza kutoka vipele, na chavua yake huamsha pumu.

Lafikaje mahali? Mara nyingi hubebwa na sisi wenyewe. Huko Queensland, Australia, liliingia mnamo mwaka 1960 ndani ya mbegu za malisho zilizonunuliwa Texas. Yaani watu walilipa fedha zao kuleta gugu. Hufuata matope ya magurudumu, mchanga wa kujengea, na majani wanayolishwa wanyama njiani. Hapo ndipo ninapowaangalia nyinyi ndugu zangu mnaoleta mbuzi na ng'ombe kutoka Tanga wakati wa Sikukuu. Mnyama anakaguliwa, robota la majani alilokuwa akila chomboni nani analikagua? Likifika bandarini hutupwa pembeni, au mtu mwenye huruma hulichukua akampe mbuzi wake. Naomba lichomwe pale pale. Na sisi tunaokata majani kando ya barabara na kuyafunga nyuma ya baskeli, tujue tunachokata kabla hatujakipeleka bandani.

Lakini kulinda bandari peke yake hakutoshi. Gugu hili halipendi kushindana na majani yaliyoshonana. Linataka ardhi tupu. Nendeni maweni, upande wa Micheweni, ambako udongo ni kiganja kimoja juu ya jiwe. Mbuzi amefungwa kigingi mahali pamoja wiki mbili, na pamebaki duara jeupe. Duara lile ndilo mlango. Kigingi kikihamishwa kila siku, kabla majani hayajaliwa hadi mzizi, yale ya kudumu hupona na kuufunga mlango wenyewe. Hakuna dawa rahisi kuliko hiyo, wala mradi wa wafadhili hauhitajiki.

Wapo waliotumia mdudu. Australia walileta mbawakawa kutoka Mexico mwaka 1980, na India mwaka 1984. Hula jani la gugu na kulidhoofisha. Ni kazi njema, ila ni ya wataalamu na ya miaka mingi. Kisiwa chenye kilomita za mraba zisizofika 1,000 kina bahati ambayo Arusha haikuwa nayo: mche wa kwanza unaweza kuonwa na mtu akaung'oa.

Ndiyo maana nimemkabidhi mwalimu wa Bayolojia picha kubwa ya gugu hilo, nami naomba ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, si kabatini. Wanafunzi wa Kidato cha Pili na cha Tatu watazame uwanja wa mpira, njia ya bandarini, na kila palipomwagwa mchanga mpya wa kujengea. Atakayeona mmea unaofanana asiupitishe mitaani kuwaonesha watu. Aweke alama, ampashe habari mwalimu au ofisi ya kilimo iliyo karibu, nasi tutakuja na glavu na mfuko kuung'oa kabla haujachanua. Kama umekwisha chanua, tutaufunika mfuko kwanza ndipo tuung'oe, na tutarudi hapo kila baada ya mvua.

Ndugu Mwenyekiti, naona saa yako unaiangalia. Nipo tayari kwa maswali, isipokuwa la ng'ombe wa safu ya mbele. Hilo tutalizungumza kwenye chai.