Nani Atamsemea?

Mzazi wa mtoto mwenye ulemavu wa akili ana swali linalomnyima usingizi: nikifa, nani atamsimamia? Huko Lincoln, Nebraska, nchini Marekani, jibu moja lilianza kujaribiwa mwaka 1970, kwa wazo la Bwana Wolf Wolfensberger. Raia wa kawaida hujitolea kuwa rafiki wa mtu mmoja tu, wala si kumi. Humtembelea, hula naye, na mwenzake akidhulumiwa humsemea. Halipwi hata senti. Kwa nini? Kwa sababu anayelipwa humwogopa anayemlipa. Wale wanne wa Kapernaumu waliotoboa dari kwa ajili ya mwenye kupooza, nani aliwapa mshahara? Na yule kijana aketiye karibu na mlango kanisani kwenu, nani ajuaye jina lake?