Kodi na Haki ya Kusikilizwa: Asiyekuwapo na Lake Halipo



Leo tuna jambo moja tu. Kodi ni wajibu. Skuli, hospitali na barabara hazijengwi kwa maneno. Lakini wajibu huo una haki yake, na wengi wetu hatuitumii.

Tuseme ushirika umepeleka Darajani matenga 20 ya tungule. Mkadiriaji wa kodi kaandika matenga 20. Sisi tunajua manane yaliozea njiani. Yeye kaandika alichokiona, lakini hesabu haijatimia mpaka atusikie na sisi.

Ndiyo maana Katiba ya Muungano ya 1977, ibara ya 13(6)(a), inataka kila chombo kinachoamua haki au wajibu wa mtu kimpe nafasi kamili ya kusikilizwa, na mtu huyo aweze kukata rufaa. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12, nayo inalinda haki hiyo. Mwaka 2003, katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts, ambalo halikuwa la kodi, Mahakama ya Rufani ilieleza kuwa kusikilizwa ni haki ya Katiba khasa.

Sasa njia yake. Karatasi ya makadirio ikifika, tazameni kwanza imetoka wapi. Kodi ya mapato ni ya Muungano, iko TRA. Kodi za Zanzibar yenyewe ziko ZRA, na sheria yake nyengine. Kwa TRA, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 iliweka siku 30 za kupeleka pingamizi la maandishi kwa Kamishna. Tena halipokelewi mpaka ulipe kodi usiyoibishia au theluthi ya kodi iliyokadiriwa, ile iliyo kubwa. Hapo ndipo mnyonge anapokwama. Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu kumwomba Kamishna apunguze au aondoe malipo hayo, ukiwa na sababu ya maana. Basi tuombe, tusinyamaze! Tusiporidhika na jibu, ipo Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, kisha Mahakama ya Rufani kwa mambo ya sheria.

Ndugu zangu, kunung'unika barazani si pingamizi. Shahidi wetu ni daftari na risiti. Tenga likioza, liandikwe siku ile ile. Anayejua kusoma amsomee mwenziwe; barua isilale chini ya mkeka siku 30 zikapita.

Mapinduzi Daima!

Katibu wa Tawi