KUUNGA PAIPU ZA MAFUTA KATIKA INJINI ILIYOBADILISHWA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ambayo wengi wetu huifanya Jumamosi ili kuongeza posho, yaani kutoa injini ya zamani katika motokaa na kutia nyingine. Mimi ni mtu wa reli, lakini spana ni spana, na moto haumwulizi mtu ameandikwa kazi wapi.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Tulitia injini ya petroli ya namna mpya, isiyo na kabureta, katika Land Rover ya zamani. Niliuona mpira wa mafuta wa zamani bado mzuri kwa macho, nikauacha, nikaufunga kwa klipu yake ile ile. Injini ikawaka, tukafurahi. Baada ya dakika chache mpira ukachomoka, petroli ikamwagikia ekzosi, moto ukalipuka. Rafiki yangu aliyekuwa ameinama hapo aliungua mkono wa kuume. Mpaka leo vidole viwili havikunjiki. Na mkono ule ndio unaolisha watoto wanne.

Kosa lilikuwa nini? Pampu ya injini ya kabureta husukuma kwa nguvu ya ratili chache tu kwa kila inchi ya mraba, mara nyingi hazizidi 6. Injini inayopuliza petroli kwa nozeli hutaka kama ratili 40. Mpira wa kwanza hauwezi kazi ya pili.

Tena, injini nyingi za nozeli zina paipu mbili: moja ya kupeleka mafuta, na moja ya kurudisha tangini yanayozidi. Ukiiziba hii ya pili kwa kuwa gari la zamani halikuwa nayo, nguvu hupanda kupita kiasi.

Basi tufanye hivi:

1. Toa waya wa betri kwanza. Mwaga petroli katika chombo chenye kifuniko, nje penye upepo, mbali na sigara na jiko.

2. Safisha tangi, maana kutu huziba chujio na kuharibu pampu. Usilichomelee tangi hata likiwa tupu. Mvuke uliobaki ndani hulipuka.

3. Nunua mpira mpya ulioandikwa 30R9. Ule ulioandikwa 30R7 ni wa nguvu ndogo. Tumia klipu zisizokata mpira.

4. Paipu ya chuma ipite kando ya chesisi, mbali na ekzosi. Inapopenya bati, tia kipete cha mpira isikatike. Kati ya chesisi na injini weka mpira, kwa sababu injini hutikisika na paipu ngumu itapasuka.

5. Funga pampu ya umeme kwa relei itakayoizima injini inapokufa. Gari likipinduka, pampu isiendelee kumwaga petroli. Kumbukeni, katika Land Rover nyingi za zamani tangi liko chini ya kiti.

6. Washa pampu bila kuwasha injini. Pitia kila kiungo kwa tochi na kitambaa kikavu. Mtungi wa kuzima moto uwe karibu.

Ndugu zangu, tajiri atakuambia, "Funga hivyo hivyo, nina safari." Usikubali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanya kazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, na tajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali pale hatari ingalipo. Ukiogopa kusema peke yako, mwite mjumbe wa chama. Ndiyo maana tunalipa ada.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi sikubadilisha mpira wa futi mbili, na rafiki yangu ndiye aliyelipa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo.