Wavuvi wa Fogo na Filamu Zao



Filamu za hali halisi zinazoonyesha dhiki ya wanyonge ni nyingi, lakini wanyonge wenyewe huziona kwa nadra. Mpiga picha huja kijijini, hupiga, huenda zake. Watazamaji wa mjini hutokwa na machozi, na kijiji hubaki vile vile. Katika kisiwa cha Fogo, nchini Kanada, mambo yalifanyika kinyume cha hayo.

Mwaka 1967 kisiwa hicho cha jimbo la Newfoundland kilikuwa na wakazi wapatao 5,000, waliotawanyika katika vijiji kama kumi hivi. Uvuvi ulikuwa umezorota, na wengi waliishi kwa posho ya serikali. Serikali ya jimbo nayo ilikuwa na mpango wa kuwahamisha watu wa vijiji vidogo. Wakazi wengi hawakutaka kuhama, lakini umoja wa kulisema hilo haukuwapo: Wakatoliki na Waprotestanti walisomesha watoto wao mbali mbali, na kijiji hiki hakikukiamini kile.

Ndipo Donald Snowden wa Chuo Kikuu cha Memorial na Colin Low wa Bodi ya Taifa ya Filamu walipofika na kamera. Zilipatikana filamu fupi zipatazo 27: huyu anazungumza juu ya bei ya samaki, hapa pana arusi, pale mvuvi aliyechoka anajiandaa kuhamia Toronto. Kila aliyepigwa picha alionyeshwa kwanza, naye alikuwa na haki ya kukataa isionyeshwe kwa wengine. (Ni maafisa wangapi humsomea mwanakijiji taarifa waliyoandika juu yake?) Kisha filamu zilizungushwa vijijini, na baada ya kila onyesho watu walijadiliana. Neno ambalo jirani asingeweza kumwambia jirani yake uso kwa uso bila ugomvi lilitoka kwenye kitambaa cheupe, nao wote wawili wameketi gizani wakisikiliza.

Baadaye filamu hizo zilionyeshwa kwa Joseph Smallwood, kiongozi wa serikali ya jimbo, na mawaziri wake. Waziri wa uvuvi alijibu kwa njia ile ile: majibu yake yalipigwa filamu, yakarudishwa kisiwani.

Haifai kudai kwamba kamera peke yake ndiyo iliyokiokoa kisiwa. Kamati ya maendeleo ya wakazi ilikwisha kuundwa kabla, na bila hiyo mazungumzo yangeishia pale taa zilipowashwa. Lakini wavuvi waliunda chama chao cha ushirika, wakaunda mashua kubwa za kwenda mbali zaidi baharini, na kisiwa hakikuhamwa. Ushirika huo ungali hai. Na watoto wa madhehebu yote, ambao wazazi wao walisoma wakipeana visogo, walijengewa shule moja katikati ya kisiwa.