Maji Ndani ya Buti: Mazungumzo kwa Wamiliki na Wanunuzi wa Magari Yaliyotumika



Mvua za masika zinapoanza, wenye magari ya miaka mingi hukutana na jambo lile lile: buti likifunguliwa hutoa uvundo, na zulia likiguswa huwa limelowa. Wengi hulianika zulia juani, wakanyunyizia manukato, kisha wakaendelea na safari. Leo ningependa kueleza kwa nini hilo halitoshi, namna ya kutafuta mahali maji yanapoingilia, na tahadhari anazopaswa kuchukua mnunuzi.

Tuanze na madhara. Chini ya zulia la buti, katika magari mengi madogo, kuna shimo la tairi ya akiba. Maji hujikusanya humo bila kuonekana, na bati huliwa na kutu kimyakimya. Baadhi ya magari huwekewa betri humo humo; na magari mengi ya mseto, yatumiayo petroli na umeme, yana betri ya umeme mkubwa nyuma ya kiti cha nyuma. Mwenye gari la namna hiyo asiguse nyaya zake akiona maji. Amwite fundi aliyesomea magari hayo. Zaidi ya hayo, upenyo unaoingiza maji waweza pia kuingiza moshi wa injini. Moshi huo una kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika, nayo yaweza kuua. Kwa hiyo buti linalovuja ni suala la usalama wa abiria, wala si la usafi peke yake.

Sasa tuje kwenye utafutaji. Maji hufuata mkondo. Mahali yalipotuama mara nyingi sipo yalipoingilia. Toeni zulia, tairi ya akiba na vifaa vyote, kisha kausheni sakafu kabisa. Pakeni unga wa chaki pembezoni na chini ya taa za nyuma, ili maji yakipita yaache alama. Fungeni buti, mmwagie maji kwa mpira, taratibu, mkianzia chini na kupanda juu, dakika chache kila sehemu. Mkianzia juu, maji yatateremka kila mahali nanyi hamtajua penye kosa. Kama kiti cha nyuma hukunjwa, mtu aketi ndani ya gari na kumulika kwa tochi. Asifungiwe mtu yeyote ndani ya buti, hasa mtoto.

Chunguzeni zaidi sehemu hizi: mpira unaozunguka mlango wa buti, mipira ya taa za nyuma, maungio ya bati, kingo za kioo cha nyuma, kitako cha antena, matundu ya hewa yaliyo nyuma ya bampa, na vizibo vya sakafuni. Mpira wa mlango hupimwa kwa kipande cha karatasi: fungeni buti juu yake, kisha kivuteni. Kikitoka bila kushikwa, mpira umelegea hapo au mlango haukukaa sawa.

Katika kutengeneza, anzeni na lililo rahisi. Safisheni mfereji unaozunguka mlango. Majani na mchanga huyazuia maji kutoka. Mpira uliopasuka au kukakamaa ubadilishwe. Penye maungio, kutu iondolewe kwanza, ndipo itumike gundi maalumu ya bodi za magari. Epukeni silikoni yenye harufu ya siki, kwa kuwa huweza kuchochea kutu. Msizibe matundu ya hewa wala ya kutolea maji. Yamewekwa kwa sababu. Mkimaliza, rudieni jaribio la maji kabla ya kurudisha zulia.

Kabla ya kumkabidhi fundi kazi, kubalianeni bei, ombeni mwoneshwe vipuri vilivyotolewa, na daini risiti.

Kwa wanaonunua, nasema hivi: inueni zulia kabla ya kutoa fedha. Kutu mpya, tope kwenye shimo la tairi, au manukato makali kupita kiasi ni sababu ya kuuliza maswali. Tope likionekana pia chini ya viti na ndani ya mikanda ya usalama, huenda gari lilizama katika mafuriko. Majibu ya muuzaji yaandikwe katika mkataba. Hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kuhadaa katika biashara. Lakini atakayelalamika atahitaji ushahidi, na ushahidi ni maandishi, risiti na picha.

Ukaguzi huu hauhitaji zaidi ya tochi, ndoo chache za maji na subira ya saa moja. Fanyeni kabla mvua haijafanya kwa niaba yenu.